Mwaka Ambao Duka Lilihamia Sebuleni

Nyambura aliponipigia simu na kuniambia, "Mama ametutoka," sikumwuliza mama yupi. Mama aliyetuzaa tulimzika nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, Nyambura akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni akichoka, na tangu hapo neno hilo kinywani mwake limekuwa na maana moja tu. Nilijitanda leso, nikatoka Donholm kwenda Jericho, mtaa wetu wa zamani, na nilipofika wanaume walikuwa wamekwisha kuondoka na jeneza. Kwa Waislamu maiti haikawizwi. Tulibaki wanawake sebuleni, tumeketi mikekani bega kwa bega, na mimi badala ya kulia nikajikuta nikitazama kuta na kuwaza: pale palikuwa na magunia ya sukari. Pale palikuwa na mizani. Pale chini ya dirisha zilipangwa sabuni za mche, na harufu yake iliingia hata kwenye chai. Msichana mmoja, nadhani ni jamaa wa upande wa Mombasa, aliniinamia akaniuliza kwa adabu kama nilikuwa jirani wa marehemu. Nikamwambia nilikuwa mteja. Alitikisa kichwa kama aliyeelewa, lakini niliona hakuelewa.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nimeacha shule. Hakuna aliyeniachisha. Baada ya mazishi wenzangu walirudi darasani, mimi nikabaki kwa sababu palikuwa na mtoto wa kuogesha na nguo za kufua, na baba aliyerudi kutoka kiwandani jioni bila kusema neno. Siku zikafuatana hivyo hivyo mpaka sketi yangu ya shule ikawa tambara la kupigia deki. Kila alasiri nilimfunga Nyambura mgongoni, nikachukua kikapu, nikaenda dukani kwa Baba Swaleh, katika ule mstari wa maduka ulio karibu na soko. Lilikuwa duka la zamani, lenye kaunta ndefu ya mbao na wavu wa chuma uliopanda hadi darini. Katikati ya wavu palikatwa kidirisha, na nyuma ya kidirisha aliketi mkewe, Mama Swaleh. Ulitaja haja yako, mkono ukatoka na sukari iliyofungwa kwa karatasi ya kaki, ukalipa, ukaondoka. Nilikuwa nimenunua kwake tangu utotoni na sikujua kama ni mrefu au mfupi. Uso wake niliujua vipande vipande, kama wavu ulivyoukata.

Swaleh, mwana wao wa pekee, alikuwa ameajiriwa katika duka moja kubwa la mjini, na huko ndiko alikopata wazo. Chumba cha jirani, kilichokuwa cha mshona viatu, kilikuwa kimebaki tupu. Wangekikodi, wabomoe ukuta wa katikati, waondoe kaunta na wavu, waweke rafu kila upande, na mtu aingie mwenyewe, ajichagulie, alipe mlangoni. Baba Swaleh aliupenda mpango huo kwa sababu ulitoka kwa mwanawe. Mama Swaleh hakusema anaupenda wala anauchukia. Aliuita "duka la kujichukulia", na alivyolitamka neno hilo ungedhani ni la wezi.

Fundi alisema kazi ni ya mwezi mmoja. Mafundi wote husema mwezi mmoja. Waliangusha ukuta baada ya Pasaka, na tulisimama nje na vikapu vyetu tukitazama vumbi likitoka mlangoni kama moshi. Kisha mvua ya masika ikanyesha kwenye paa waliloliezua, saruji ikaganda ndani ya mifuko, na yule fundi akapata kazi nyingine Buruburu na asionekane kwa wiki kadhaa. Kufunga duka hawakuthubutu, maana mteja akishazoea njia nyingine harudi. Kwa hiyo walihamisha kila kitu nyumbani kwao, nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kama zetu, safu moja tu nyuma ya maduka. Asubuhi moja nilikuta kibao kwenye mlango uliobomolewa, kimeandikwa kwa chaki kwamba wateja waende nyumbani.

Nilipiga hodi. Sauti niliyoijua ikajibu, "Karibu, vua viatu, nyumba ina mkeka." Ndipo nikamwona mzima kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi kuliko mimi, mnene kidogo, amejifunga leso kiunoni, na alipocheka mabega yote mawili yalitikisika. Mizani ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula. Viberiti vilikuwa katika droo ya cherehani, chumvi juu ya kabati la vyombo, na maziwa, yale ya pakiti za pembetatu, yalielea ndani ya beseni la maji baridi. Unga ulikuwa chumbani kwao, nyuma ya kitanda, na ukiuhitaji Baba Swaleh aliingia kuupima huko huko, akitoka na ndevu zimepata mvi zaidi.

Lililobadilika zaidi halikuwa bidhaa. Dukani tulisimama, lakini pale palikuwa na makochi, na mwanamke aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu hawezi kuchukua chumvi akatoka mbio. Wanawake walianza kuketi. Wakivua viatu walivua na haraka yao. Nilisikia habari za mtaa mzima katika sebule ile: nani amehamia Umoja, nani amerudishwa kwao, mchungaji gani amenunua gari. Muuza mboga mmoja wa sokoni, mama mkavu asiyependa mzaha, alisema siku moja akiwa ameweka miguu juu ya gunia la mchele, "Mimi naomba fundi asirudi. Hapa ndipo mahali pekee kutwa nzima ninapoambiwa niketi." Waliobaki walicheka, lakini Mama Swaleh hakucheka. Alimwongezea chai.

Ni yeye aliyeniona. Sijui neno lingine la kulieleza. Siku moja alinipimia mafuta ya kupikia, akaniuliza, "Wangari, nyumbani mnakula nini?"

"Ugali na sukuma."

"Na jana?"

"Ugali na sukuma."

"Na juzi?"

Nilitazama chupa ya mafuta. Yeye alinitazama kwa uzito, kama hakimu, halafu mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikashindwa kujizuia nikacheka pia. Nyambura mgongoni aliamka kwa mshtuko. Alikuwa hajanisikia nikicheka tangu mazishi, na huenda alidhani kuna mtu mwingine aliyembeba.

"Njoo nyuma," akasema. "Baba Swaleh, kaa kwenye mizani."

Jiko lao lilikuwa chumba chembamba kilichotengwa na sebule kwa pazia la maua. Humo ndimo nilimojifunza kupika, kati ya kreti za soda na mitungi ya mafuta. Alinifundisha chapati na mbaazi za nazi, na namna ya kukaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi bila kuungua. Hakuwa mwalimu mwenye subira. "Mwanangu, unga si adui, usiupige hivyo," aliniambia, akaunyang'anya. Lakini kilichonifunga kwake si chapati. Siku moja aliniuliza mama yangu alikuwa akipika nini kizuri. Nikasema mukimo. Akasema, "Basi nifundishe." Nikamwambia sijui. Nilikuwa nikimwona mama kwa nyuma tu, ameinama, na sikuwahi kusogea nikatazama ndani ya sufuria.

"Basi tutabahatisha," akasema.

Tulibahatisha. Viazi, mahindi, maharagwe, na majani ya malenge ambayo yule mama wa mboga alituletea bila kuulizwa. Tuliponda kwa zamu, yeye akitaka kutia nazi na mimi nikikataa. Nilipoonja, ilikuwa karibu. Haikuwa yenyewe, lakini ilikuwa karibu kiasi cha kunifanya niweke kijiko chini na kulia juu ya sahani. Wengi walikuwa wameninyamazisha miezi ile, kwa kunipapasa, kwa Biblia, kwa kuniambia mimi ndiye mama sasa. Mama Swaleh hakuninyamazisha. Aliketi mbele yangu, akajipakulia, akala polepole mpaka nilipomaliza kulia. Nimekwenda kwenye matanga mengi tangu siku hiyo, na kila mara ninapokosa neno la kumwambia mfiwa, huwa natafuta sahani, naketi karibu naye.

Ramadhani iliingia wakati wa baridi, ile baridi ya Julai inayoufanya moshi wa makaa ulale juu ya mabati. Alasiri zile nilikuwa jikoni kwake karibu kila siku, nikimsaidia kuandaa futari, na Nyambura aliyetangaza kwamba amefunga alikuwa akila mahamri chini ya meza. Siku hiyo ninayoikumbuka nilikuwa nakoroga uji wa pilipili manga. Wateja walikuwa wamepungua. Nilisikia hodi, na sauti ya baba yangu ikiomba nyembe. Sikutoka, kwa sababu uji ukiachwa hushika chini. Baba Swaleh akamkaribisha aketi.

Kisha baba akasema, "Dada yangu anakuja Jumamosi. Anakuja kumchukua mtoto, akae naye huko Murang'a."

"Nyambura?"

"Ndiyo."

"Na mkubwa anajua?"

"Hajui. Nikimwambia atalia, na mimi sijui la kufanya mtu akilia."

Mkono wangu ulisimama. Nilidhani nimeshindwa. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwona baba akila kimya, macho kwenye sahani, na nilikuwa na hakika kwamba ananipima na kuniona napungua. Sasa alikuwa anamwondoa mtoto mikononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtu chombo kabla hajakivunja.

"Si kwamba Wangari hamwezi," baba akaendelea, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwetu. "Anamweza. Hilo ndilo linaloniumiza. Narudi jioni namkuta ameinama kwenye jiko, na kwa nyuma ni mamake kabisa. Nasahau. Nusura niite jina. Halafu anageuka, na ni mtoto. Ni mtoto wangu, Baba Swaleh, na ninamfanya mke wa nyumba. Mtoto mdogo akienda, huyu hana sababu ya kukosa shule."

Uji ulikuwa umeanza kushika. Mama Swaleh, aliyekuwa akikata tende nyuma yangu, alinichukua mwiko mkononi bila kunitazama, akakoroga mara chache, akaupunguza moto. Kisha akajifunga leso upya na kusogeza pazia.

"Baba Wangari," akasema, "nimekusikia, na sitajifanya sikusikia. Nyumba yenyewe ni pazia. Na mwanao yuko humu ndani, naye amekusikia."

Nikatoka. Baba alikuwa ameketi kwenye kochi, soksi zake zimetoboka kidoleni, pakiti ya nyembe mkononi. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeshikwa akivua nguo.

"Shule ni asubuhi mpaka jioni?" Mama Swaleh akamwuliza.

"Mpaka jioni."

"Basi nisikilize. Hili duka likiisha kujengwa, mimi sina kazi. Mwanangu ameleta mashine ya pesa, na msichana amesomea kuibonyeza. Miaka yote hii nimekaa pale, sasa nikae wapi? Nihesabu vigae vya paa? Niachieni Nyambura. Mchana ni wangu, jioni ni wenu. Jumapili mpelekeni kanisani kwenu, mimi nitamsuka nywele Jumamosi."

Baba alitazama mkeka. Aliposema, alisema, "Watu watasema."

"Watasemea wapi?" Baba Swaleh akauliza kutoka kwenye mizani. "Wote wanakuja kusemea hapa hapa."

Adhana ilisikika wakati huo. Baba aliinuka aende, lakini mtu haondoki nyumba ya watu waliofunga wakati sahani zinatandazwa. Aliketi mkekani nasi. Alipewa tende, akapewa uji, ule niliokaribia kuuunguza, na mbaazi. Nyambura akatoka chini ya meza na kukaa kwenye paja lake na kumweleza kwamba yeye amefunga tangu asubuhi. Baba akamwambia, "Pole sana kwa njaa," kwa uzito kabisa. Kisha akasukuma sahani yake mbele, akaomba mbaazi tena.

Jumamosi Tata Wairimu, dada yake baba, alifika kutoka Murang'a. Baba alimweleza yote pale nyumbani kwetu, pamoja na ombi la Mama Swaleh, na Tata akasema anataka kumwona huyo mwanamke kwa macho yake. Mlangoni pa Mama Swaleh alisita kuvua viatu. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na nadhani alikuwa hajawahi kuingia nyumba ya Mwislamu. Mwishowe aliinama akafungua kamba moja baada ya nyingine, tukimngoja.

"Mimi sina ubaya na wewe," alimwambia Mama Swaleh walipokwisha kusalimiana. "Lakini huyu ni damu yetu. Mtoto wa marehemu alelewe na jirani, na sisi tupo? Na dini je? Kesho atasema yeye ni wa wapi?"

"Hata mimi ningeuliza hivyo," Mama Swaleh akasema. "Ningekuwa wewe ningekuja na gari la polisi."

Tata hakutarajia hilo. Alinigeukia mimi. "Na wewe? Wewe ndiye umemlea tangu Januari. Sema."

Mbali na Mama Swaleh, hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniuliza kitu mwaka ule ila bei na habari za baba. Nilitazama uso wa baba, haukunisaidia. Nikasema, "Tata, nataka kurudi shule. Nataka sana. Lakini Nyambura akienda Murang'a nitarudi darasani na nitakuwa natazama dirishani. Amempoteza mama. Akiamka asinione na mimi, atadhani watu huwa wanaisha mmoja mmoja. Hapa ataniona kila jioni. Na mama huyu hachoki naye. Mimi nachoka, Tata. Nachoka."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo. Tata Wairimu akafungua kikapu chake, macho yamejaa maji. Alitoa blanketi dogo jipya, la manjano, lililokunjwa vizuri. Ndipo nikaelewa kwamba naye alikuwa ametandika kitanda huko kwake, na kwamba alikuwa akimngoja mtoto huyo kwa moyo wake wote. Alimkabidhi Mama Swaleh blanketi.

"Analala mchana?" akauliza.

"Analala."

"Basi mfunike na hili. Na Desemba ni yangu. Kila Desemba."

"Kila Desemba," Mama Swaleh akasema, na wakashikana mikono yote miwili. Baba akatoka nje kutafuta hewa, na alikaa huko muda.

Duka lilikamilika mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimepungua. Swaleh alipaka kuta rangi nyeupe, akapanga rafu mpaka mwisho wa chumba cha pili, na siku ya kufungua alivaa tai. Mtaa wote ulikuja, na wote tukasimama mlangoni. Hakuna aliyeingia. Tuliona unga na sabuni na majani ya chai, vyote wazi, bila wavu, bila mtu wa kuvitoa, na mikono yetu haikujua la kufanya. Swaleh alituambia, "Karibuni, jichukulieni, jamani," na sisi tukamtazama tu. Mama wa mboga alinong'ona kwamba yeye hatagusa kitu cha mtu asije akashikwa. Niliona jasho likimtoka Swaleh pale tai ilipombana. Mama yake alikuwa nyuma ya watu, amemshika Nyambura mkono. Ingekuwa rahisi kwake kukaa pale kimya na kumwacha mwanawe ajifunze. Alimwangalia kidogo, akaguna, akapenya katikati yetu na kuchukua kikapu.

"Haya, Mama Mboga," akasema, "leo umetaka nini?"

"Sukari. Na kiberiti."

"Twende tukatafute. Hata mimi sijui huyu mtoto ameficha wapi."

Wakaingia wawili, kisha watatu, kisha sote, tukitembea polepole kati ya rafu kama watu walioingia msikitini au kanisani mara ya kwanza. Mama Swaleh alitwaa pakiti, akaigeuza, akairudisha upande usio wake, na Swaleh akaja nyuma akiirekebisha bila kusema. Nilimwona mama yake akipitisha mkono juu ya mahali palipokuwa na kaunta, hewani tu, mara moja, kisha akaendelea. Alasiri ilipoisha alirudi nyumbani. Aliniambia sebule imekuwa kubwa mno, mtu anasikia nyayo zake mwenyewe.

Nyambura alikwenda Murang'a Desemba hiyo na akarudi amenenepa. Januari nilivaa sketi mpya na kwenda kurudia kidato nilichokiacha. Asubuhi ya kwanza nilimpeleka Nyambura. Njia nzima nilijitayarisha kwa kilio chake, nikipanga nitasema nini, nitamshika vipi, na kama itabidi nikae kidogo. Mama Swaleh alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Nyambura alivua viatu vyake mwenyewe, akavipanga ukutani, akapita chini ya mkono wa Mama Swaleh akaelekea jikoni, na nikamsikia akiuliza kama leo kuna mbaazi.

Hakugeuka. Nilibaki pale kizingitini, vitabu vimenibana kifuani, mgongo wangu mwepesi mno, na machozi niliyomwandalia yeye yakanitoka mimi.

Mama Swaleh alinifuta shavu kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na unga.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Utachelewa."

Nikaenda.